Cha Kufa Weka, cha Kuota Hapana

Vidole vya baba yangu vilinuka majani machanga ya mkorosho, na sisi hatukuwa na mkorosho hata mmoja. Wenzangu mliokulia kule kwetu mnaijua harufu hiyo. Ukifikicha jani la mche uliotoka ardhini juzi, bado jekundujekundu, inakupanda puani na kukaa, kali, ya utomvu. Wengine mkiinusa mnakumbuka shamba la babu na mabibo ya kuiba. Mimi ninakasirika. Mwaka huu nimeinusa tena, mvua za kwanza, kwenye mkono wa Baba huyohuyo, ambaye sasa ni mzee wa kushikwa mkono kuvushwa mtaro, na hasira imenijia mpya kabisa. Ndiyo maana nimekaa kuyasema haya.

Tuliishi upande wa Mnero, Nachingwea, kwenye kijiji ambacho nusu ya watu ni wenyeji, Wamwera wa tangu na tangu, na nusu ni sisi, watu wa ng'ambo. Baba alivuka Ruvuma mgongoni kwa mama yake, wakati wa vita vya Msumbiji. Akakulia hapa, akasoma hapa, akaoa hapa, akabatiza watoto hapa, na bado akaitwa mgeni. Mimi sikuona ubaya wowote. Kwangu mgeni lilikuwa neno zuri, maana mgeni ndiye anayechinjiwa kuku. Nikawa nashangaa tu kwamba kuku wenyewe hatuletewi.

Nyumba ilikuwa yetu. Shamba lilikuwa la Mzee Selemani, mwenyeji mwenye mguu mbovu na kicheko kikubwa, na sisi tulilima kwa kukodi. Tulilima pale tangu sijazaliwa, lakini kila mwaka kabla ya kufyeka Baba alikwenda kwa mzee kuomba upya, kama mtu asiyejulikana. Alikwenda mikono mitupu, bila jembe, kwa sababu kwenda na jembe ni kama kusema umeshapewa. Tukivuna, ufuta wa mzee ulitangulia kupelekwa kabla sisi hatujauza wetu. Ndivyo ilivyokuwa, na sikumbuki mtu yeyote akilalamika.

Juu ya shamba, pale mteremko ulipoanzia, ilisimama mikorosho ya Mzee Selemani, mikubwa, aliyoachiwa na mjomba wake. Popo walibeba mabibo yake wakaja kuyala kwenye kisiki kilichokuwa katikati ya mahindi yetu, na korosho zikabaki chini. Na sisi watoto hatukuwa nyuma ya popo. Mvua ikinyesha zinaota, zinainua vichwa vyake viwili vya kijani kutoka kwenye udongo, na kama umewahi kula korosho iliyoota hivyo unajua utamu wake. Basi kila asubuhi ya mvua, kabla hajashika jembe, Baba alipita mstari kwa mstari akiinama na kung'oa. Hakuruka hata mmoja. Kisha alichukua miche yote akaipanga kando ya njia, mizizi ikitazama juu, mahali ambapo kila mpita njia angeiona.

Mimi nilidhani anaichukia. Ningedhani nini? Wenzangu shuleni baba zao walikuwa wanapuliza salfa, wanapogoa, wanaisifia mikorosho yao kama wake wapya, na wangu anaing'oa na kuianika hadharani. Nilimuuliza ana ugomvi gani nayo. Akasema, "Haina ruhusa ya kuota hapa." Jibu gani hilo la kumpa mtoto? Nikajitungia langu: kwamba kule ng'ambo mkorosho ulimwangukia mama yake. Niliwasimulia wenzangu kwa machozi. Habari zikafika kwa mwalimu, mwalimu akampa Mama pole ya mkwewe kuangukiwa na mti, na Mama, ambaye mkwewe alikufa kitandani kwa uzee akiwa ameshika rozari, alirudi nyumbani akicheka mpaka akakaa chini. "Wewe Felista," akasema, "una kichwa cha uongo kama redio." Lakini naye hakuniambia ukweli ni upi.

Shamba letu lilikuwa na kidonda, korongo. Lilianza kama njia tu. Kiangazi kimoja watu waliokata magogo mlimani waliyaburuta kupitia katikati ya shamba, mvua ikaja ikafuata palepale. Mwaka wa kwanza nililiruka lile korongo nikicheka. Mwaka uliofuata nililiruka kwa kukimbia kwanza. Halafu ukaja mwaka nikasimama ukingoni, nikatazama chini, nikazunguka. Mvua ikikatika tulisikia ukingo ukianguka, pwaa, kama mtu aliyejibwaga kitandani, na Baba aliyekuwa anakula aliacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea.

Waliokodi mashamba jirani hawakujisumbua na mambo hayo. Walichoma moto, wakapanda ufuta, wakavuna, na shamba likichoka wakaenda kuomba jingine. Siwalaumu hata kidogo. Nani atie samadi kwenye shamba ambalo mwakani huenda likapewa mtu mwingine, tena kwa sababu limestawi? Ilitokea, sana tu. Ukilitunza shamba la watu likanawiri, mwenyewe analiona, anakumbuka ana kijana anayetaka kuoa.

Mama alikuwa wa shule hiyo. Alimwona Baba akikusanya mabua badala ya kuyachoma, akiyatandaza chini ya mahindi, akiokota mawe na kuyapeleka ukingoni, na alishindwa kunyamaza. "Baba Felista, unamlea mtoto wa mwenzio. Akikua atamfuata baba yake. Lima, vuna, toka!"

"Nimekusikia."

"Hujanisikia. Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Lakini ndiyo niliyoivaa," Baba akasema, akaendelea kuokota mawe yake.

Shuleni mwalimu wa kilimo akatufundisha kwamba dawa ya korongo ni kupanda mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, kukingama mteremko. Nilikimbia njia nzima. Nilimweleza Baba yote, na mchoro nikamchorea vumbini kwa kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu wako amesema kweli," akasema.

"Basi tupande!"

"Hatuwezi."

"Kwa nini?"

"Yanaota."

Nilimwona baba yangu mvivu siku ile. Nilimwona mjinga pia. Kitu chenye kasoro ya kuota! Nilikwenda jikoni nikamwambia Mama, nikitegemea atacheka kama ilivyo ada yake, lakini aliendelea kupepeta.

Kiangazi cha mwaka huohuo Baba aliniambia nijitwike ufuta wa Mzee Selemani nimfuate. Tulimkuta mzee barazani kwake anasuka kamba ya kitanda, mguu mbovu ameunyoosha kwenye jamvi. Baba akaamkia, nikaamkia, tukaitikiwa. Wakaongea habari za mguu, habari za ufuta, habari za ngedere. Nilikuwa nimeanza kusinzia Baba aliposema, "Mzee, shamba linakwenda."

"Linakwenda wapi?"

"Linakwenda mtoni, mzee."

Mzee alicheka kicheko chake, kisha akamwangalia Baba usoni akaacha kucheka.

"Naomba niliponye," Baba akasema. "Niweke mabingobingo. Au mkonge, palepale ukingoni, basi."

Mzee Selemani akaiweka kamba chini. "Agustino. Wewe nakupenda, na Mungu anajua. Lakini mkonge una mizizi. Mimi nikifa kesho, wapwa zangu wakikuta mistari ya mkonge watasema nini? Watasema mzee aliuza. Pale bondeni, mjomba wangu alimkaribisha mtu, akapanda miembe miwili. Ya kivuli! Yule mtu akafa, watoto wake wakasema hii miembe ya baba yetu. Wazee wakauliza, nani aliipanda? Miembe ikatoa ushahidi. Shamba likaenda mpaka leo."

"Kweli, mzee."

"Na hili si langu. La ukoo. Mimi nimekalia tu, kama wewe." Akafikiri. Kidole chake kilikuwa kinachezea uzi wa kamba. "Cha kufa weka. Magogo, matawi, mabua, mawe. Cha kufa hakidai kitu. Cha kuota, hapana."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Haya. Umekuwa shahidi," akasema, akacheka tena, akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma.

Njiani kurudi, Baba akanieleza. Kwamba mti ukiota kwenye shamba la kukodi, ukakua, unakuwa mdomo. Unasema, aliyenipanda yuko hapa. Ndiyo maana kila mche lazima ung'olewe, na ung'olewe watu wakiona, wasije wakasema yule mtu wa ng'ambo ameanza. "Unaichukia?" nikamuuliza. "Mikorosho?" akashangaa. "Mwanangu, ningekuwa na pangu ningepanda mpaka ningekosa pa kupita." Niliona aibu kwa ajili ya mti wangu ule uliomwangukia bibi.

Hakuna kiangazi nilichofurahi kama kile. Kule mlimani wachoma mkaa walikuwa wameangusha miti na kuacha ile isiyofaa kwa mkaa, ming'ongo mingi. Imelala juani, magamba yamepasuka. Baba alikwangua kwa ukucha, akasema imekufa. Tukakata vigingi, tukavibeba begani, Baba, Mama na mimi. Ndiyo, hata Mama, akinung'unika kutoka mlimani mpaka shambani. Baba akavipigilia kukingama korongo, mstari mmoja juu, mwingine chini yake, na mwingine. Tukasuka matawi katikati, tukashindilia mabua na nyasi, tukaegemeza mawe. Kazi ikiisha Mama alirudi nyuma, akashika kiuno, akatazama. "Haya bwana," akasema, "umemjengea mwenzio." Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyependezwa.

Mvua zikaja. Baada ya ile ya kwanza kubwa tulikimbia kutazama, Baba mbele. Maji yalikuwa yamepita, yamechujwa kama tui, na nyuma ya kila mstari wa vigingi ulikuwa umelala udongo laini, mweusi, umetulia. Baba akashuka ndani ya korongo akaingiza mkono mpaka kiwiko. Alibaki ameinama hivyo, mkono ukiwa udongoni, na alipouinua uso alikuwa anacheka peke yake. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka bila mtu kumchekesha.

Mimi ndiye niliyeyaona majani kwanza. Yalikuwa madogo kama ulimi wa paka, yametokeza kwenye shingo ya kigingi kimoja, na kwenye kingine, na nilipotazama vizuri, mstari mzima. Nilipiga kelele. "Baba! Vigingi vimefufuka!" Nilidhani nimempelekea habari njema kuliko zote.

Alikuja akakitazama kigingi. Akakwangua gamba kwa ukucha, chini yake kulikuwa na rangi ya kijani, mbichi kabisa. Akavunja lile jani, na la pili, na la tatu, akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, nami nikamfuata nikilia na kumuuliza amefanya nini, amefanya nini. Kesho yake yalikuwa yametoka mengine. Akavunja. Mng'ongo ukivunjwa jicho moja unatoa mawili, wenye kujua mnajua. Kila asubuhi akawa na kazi mbili, ya kung'oa miche ya mikorosho mstarini na ya kuvunja macho ya vigingi korongoni, na alizidi kushindwa. Kuving'oa hakuweza. Mvua ilikuwa katikati, na udongo wote ule wa shamba ulikuwa umeegemea vigingi vile.

Mama alimwuliza siku moja, taratibu, tofauti na kawaida yake. "Baba Felista. Mtu aliyekulia porini kama wewe, hukujua mng'ongo unachipua?"

"Ulikuwa umekauka."

"Nakuuliza."

"Ulikuwa umekauka, Mama Felista."

Mpaka leo sijui. Nimewahi kufikiri kwamba alijua, na moyo wake ulimdanganya makusudi, kwa sababu ulitaka sana kitu kiote. Nimewahi kufikiri pia kwamba hakujua kabisa. Yote mawili yananiuma sawasawa.

Alikusudia kwenda kwa Mzee Selemani kumweleza mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Alikwenda, akakuta mzee hajitambui, homa imempanda. Akarudi. Alikwenda tena, safari hii akiwa na sisi sote, na ilikuwa ni kwenda kuzika.

Msibani alikuja mpwa wa marehemu kutoka Lindi mjini, Hamisi, mtoto wa dada yake. Kwa Wamwera wa zamani, cha mjomba humwendea mpwa, basi kila mtu alijua shamba sasa ni neno lake. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyevaa viatu vizuri na kuvionea huruma matopeni. Kabla hata ya arobaini aliomba aonyeshwe mali ya mjomba. Wakapita, yeye na wazee wa ukoo wachache, na vijana nyuma yao. Walipotokeza kwenye shamba letu mimi nilikuwa napalilia na Mama, na Baba alikuwa korongoni.

Jaribuni kuliona alivyoliona yeye. Mtu anatoka mbali, hajui habari za cha kufa na cha kuota, anasimama juu mikoroshoni na kutazama chini. Na katikati ya shamba la mjomba wake, kutoka ukingo hadi ukingo, imesimama mistari ya miti iliyonyooka, inachipua majani. Kule kwetu watu wanaweka mpaka namna hiyohiyo, kwa vigingi vya mti unaoshika.

"Nani kaweka mpaka hapa?" Hamisi akauliza.

Baba akapanda kutoka korongoni, matope mpaka magotini, akaeleza. Aliongea vizuri, bila haraka. Akaeleza korongo, akaeleza ruhusa, akaeleza miti ilivyokuwa imekauka. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amesikia ruhusa hiyo.

"Marehemu alisema mbele ya nani?" mmoja akauliza.

Baba akanitupia jicho, na mimi nikajua ananisubiri, au labda alikuwa anaomba nisiseme. Nilisogea. "Mbele yangu," nikasema. "Babu alisema mimi ni shahidi. Alisema cha kufa weka."

Hamisi hakunicheka. Bora angenicheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akashika jani la kigingi kati ya vidole viwili, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na hiki, mwanangu, kimekufa?"

Nilitazama lile jani. Lilikuwa linang'aa, mvua ilikuwa imeliosha.

"Ving'olewe," Hamisi akasema.

Hapo Mama akalipuka. Mama yangu, mwalimu wa lima-vuna-toka, alitupa jembe akawaendea watu wazima wale. "Ngojeni basi mvua ziishe! Mtaving'oa kiangazi, jamani, vitakwenda wapi? Mkiving'oa leo shamba lote linaondoka! Shamba lenu, si letu!"

"Kiangazi mizizi itakuwa imefika wapi, mama?" Hamisi akajibu. Kisha akamgeukia Baba, na maneno yake nayakumbuka kwa sababu hayakuwa ya ubaya. "Ndugu yangu, mimi sikatai, wewe ni mtu mwema. Mjomba alikusifu. Lakini mtu mbaya anaondoka mwenyewe, tunamjua. Mtu mwema anakaa. Anapenda. Watoto wake wanapenda. Halafu sisi tunakuwa wageni kwetu."

Vijana waliokuja nao wakataka kushuka. Baba akawazuia kwa mkono. "Nitang'oa mwenyewe," akasema.

Alikumbatia kigingi cha kwanza akakitikisa. Kilikuwa kimeshika. Akatikisa tena, akavuta, na kilipotoka kilitoka na nywele nyeupe za mizizi zilizobeba udongo. Alikilaza kando ya njia, mizizi ikitazama juu, kama alivyofanya siku zote na mikorosho. Akashuka kwa cha pili. Manyunyu yalikuwa yameanza. Wazee wakajifunika kanga na makoti wakabaki wamesimama, kwa sababu kuondoka ingekuwa dharau na kukaa ilikuwa aibu. Mama alilia kwa sauti kama yuko msibani. Mimi sikulia. Niliwachukia wote, na Baba nikamchukia zaidi, kwa kuving'oa vizuri hivyo.

Mvua iliyonyesha kesho yake haikuwa kubwa. Wala haikuhitaji kuwa kubwa. Ule udongo mweusi uliokusanyika ulitangulia, kisha mistari ya mahindi upande huu na upande huu ikafuata, ikiwa bado imesimama, na mabunzi yake machanga. Tulisimama tukatazama. Baba hakufanya chochote. Alikuwa ameshika jembe begani na hakulishusha, maana kulikuwa na nini cha kulima pale? Maji yalipopungua korongo lilikuwa limepanda mpaka kwenye mikorosho, na mizizi ya mmojawapo ilikuwa inaning'inia hewani.

Tulivuna kilichobaki. Ufuta wa mwenye shamba ulitangulia kama siku zote. Baba alipokwenda kuomba upya, mikono mitupu, aliambiwa kwa heshima kwamba mwakani ukoo una mpango mwingine. Shamba akapewa mtu aliyechoma moto, akapanda ufuta, akavuna, akatoka.

Sisi tukahamia Mandawa, Ruangwa. Baba akakodi tena, ardhi nzuri, tambarare. Na kule, wenzangu, ndiko nilikompoteza baba niliyemjua. Alilima kama wengine. Alichoma mabua. Kijito kikianza kuchimba njia shambani alikiruka. Jiwe likimkwaza alilisukuma kwa mguu likabaki palepale. Kitu kimoja tu hakukiacha, kung'oa miche ya mikorosho na kuipanga njiani. Mama alikuwa ameshinda ubishi wao wote, na hakuufurahia ushindi huo hata siku moja. Nilimsikia akimwambia, "Si ungeokota hata yale mawe, Baba Felista." Akajibu, "Lima, vuna, toka." Hakumkejeli. Alikuwa anakubaliana naye.

Nilipokuwa mkubwa, nimeajiriwa, nilipita Mnero kwa shughuli zangu, miguu ikanipeleka. Mikorosho ya mjomba ilikuwa imelala ndani ya korongo, mizizi juu. Ng'ombe mzima angeweza kupotea mle. Nilimkuta Hamisi amehamia kijijini, amezeeka, anachuma kwenye miti michache iliyosalia. Alinijua. Aliniuliza habari za Baba kwa moyo kabisa, akalalamika maji yanavyomla, akaniuliza huko mjini hakuna wataalamu wa makorongo? Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu utotoni. Nilitaka nifurahi, jamani, nilitaka sana. Nikamwambia tu nitaulizia.

Baadaye nikamnunulia Baba shamba, upande wa Mkotokuyana. Mama hakuwahi kuliona, alikuwa ameshatutoka. Wazee wa kijiji walishuhudia, mipaka tukaizunguka kwa miguu, jina likaandikwa lake. "Baba," nikamwambia, "hili ni lako. Panda utakacho. Panda mpaka ukose pa kupita." Aliitikia. Alipanda mahindi. Mwaka uliofuata akapanda mahindi na ufuta. Nilipomuuliza mikorosho vipi, alisema bado anautazama udongo.

Mwaka huu nikaenda na mvua za kwanza. Ni hapo nilipomshika mkono kumvusha mtaro, na harufu ile ikanipanda puani. Nilimwacha nikakimbia mpaka kando ya njia. Ilikuwa imepangwa palepale, mizizi ikitazama juu, mingi, miche ambayo popo na watoto wa jirani walikuwa wamempandia bure.

"Baba! Hili ni lako!"

"Najua, mwanangu."

"Sasa?"

Aliitazama miche, akavitazama vidole vyake. "Niliiona inaota," akasema.

Nililia kwa hasira, mtu mzima mimi, katikati ya shamba. Labda kwa kunionea huruma, alipiga magoti, akachagua mche mmoja ambao haujanyauka sana, akachimba kwa mkono, akaupanda. Akaushindilia udongo pembeni taratibu, taratibu sana, kama mtu anayefanya jambo kwa mara ya kwanza. Ulisimama, umeinama kidogo.

Kisha akageuka akakaa chini mbele yake, magoti ameyakumbatia, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini amekaa namna ile. Alikuwa ameuziba usionekane kutoka njiani. Watu walipita wakitoka shamba, wakamwamkia, na Baba akawaitikia mmoja mmoja, bila kusogea pale alipokaa.